Pikipiki ya mzee ni ya mwaka gani? Namna ya kufuatilia asili ya pikipiki kuukuu

"Fundi, nina BSA ya marehemu babu, ni ya mwaka gani?" Swali hili naletewa karibu kila wiki. Likifuatiwa na picha, mara nyingi ni picha ya tangi lililopakwa rangi juzi, au ya namba iliyosomwa kwenye kabureta. Mwaka hausomwi hapo. Nimeona niandike hatua zote mahali pamoja, ili wewe uliye Ngamiani, Muheza, Korogwe au Pangani, mwenye pikipiki kuukuu imeegemea ukuta uani, uanze mwenyewe leo bila kumlipa mtu.

Naandika pia kwa sababu mkoa wetu wa Tanga ulikuwa wa mkonge, na kwenye mashamba yale, misheni, bandarini na kwenye reli watu walizunguka kwa pikipiki. Mashamba mengi yalipotaifishwa mwaka 1967, vyombo vilibadili mikono. Vingine viliishia kwa makarani, mafundi na madereva, ambao ndio babu na baba zetu. Leo vyombo hivyo hivyo vinapimwa kwa kilo kwenye mizani ya vyuma chakavu. Nimeona mara nyingi kwamba mwenye pikipiki akishajua ni ipi hasa, ilitoka kiwandani lini na ilipita kwa nani, hakubali tena iende kwenye mizani.

Kama una haraka na utasoma mstari mmoja tu, soma huu: usisafishe kitu chochote kabla hujakisoma.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Simu peke yake haitoshi, simu hupotea.
- Simu yenye kamera inayoonyesha vizuri kwa karibu.
- Tochi, na kioo kidogo cha mkononi cha kutazamia chini ya injini.
- Chaki nyeupe, penseli laini na karatasi nyembamba.
- Mafuta ya taa, matambara, mswaki mkuukuu na brashi ya waya wa shaba. Brashi ya waya wa chuma iache.
- Rula ya chuma. Ukiwa na kaliperi ni bora zaidi, hasa kama injini itafunguliwa.

Weka mbali grenda, msasa mkavu, tindo, asidi ya betri na ndimu. Najua nyumbani ndimu na majivu hung'arisha sinia ya shaba mpaka ujione uso. Kwenye namba ya pikipiki, ndimu ikilala usiku kucha hula kingo za herufi, na kwetu huku chumvi ya bahari imeshakula nusu. Pikipiki iliyokaa Raskazone au Sahare miaka thelathini haina chuma cha ziada cha kupoteza.

Nalisema hili kwa uchungu. Nilipokuwa najifunza kazi nilipewa injini niisafishe ili ipakwe rangi. Nikapitisha grenda yenye brashi ya waya juu ya bapa la namba, likang'aa, nikafurahi. Herufi mbili za mwanzo, zile zinazotaja modeli, zikawa zimekwenda. Mpaka leo pikipiki ile haina jina kamili, na aliyeifanya hivyo ni mimi.

Hatua ya 1: Ipige picha kama ulivyoikuta

Pande zote nne, kisha kwa karibu: usukani, tangi, taa, kiti, magurudumu, injini kushoto na kulia, kibao cha namba, mabaki ya stika za bima. Usiondoe vumbi wala kiota cha nyigu. Kikitoka kitu baadaye utajua kilikuwa wapi.

Hatua ya 2: Keti na wazee kabla ya kuinama kwenye chuma

Hii ndiyo hatua inayorukwa na vijana wengi, na ndiyo pekee isiyoweza kurudiwa. Fremu itakungoja miaka kumi mingine. Mzee mwenye habari zake huenda asikungoje.

Nenda kwa heshima zako. Shikamoo, hali za nyumbani, kahawa ikija kunywa. Usianze na bei, maana ukitaja bei kwanza, kila jibu litakalofuata litakuwa la biashara. Waulize wanawake wa nyumba pia, kwa sababu mara nyingi bibi ndiye anayekumbuka mwaka, kwa kuwa anaufunga na uzazi: "Aliileta nikiwa na mimba ya mjomba wako." Hapo una mwaka bila karatasi.

Maswali yanayozaa matunda ni haya: Mzee alikuwa akifanya kazi wapi alipoipata? Alinunua, alipewa, au ilikuwa ya ofisi? Ilikuja ikiwa na rangi gani? Iliwahi kubadilishwa injini, na fundi gani aliifanya, wa barabara ya ngapi? Ilianguka? Mara ya mwisho ilitembea lini?

Kisha omba kuona picha za familia. Picha za harusi na za Idi ndizo bora, maana watu walipenda kupiga wakiwa wameegemea chombo. Niliwahi kuonyeshwa picha moja, ndogo kama kiganja, kingo zake zimekatwa mawimbi. Mama amekaa upande kwenye kiti cha nyuma, amevaa buibui, amemshika mtoto. Nyuma ya kisigino chake namba ya usajili inasomeka yote. Kadi ilikuwa imepotea zamani, lakini kwa namba ile tulipata pa kuanzia. Piga picha ya picha hiyo, mbele na nyuma, kisha mrudishie mwenyewe mkononi. Usiondoke nayo.

Andika maneno ya mzee kama alivyoyasema, hata kama unadhani amekosea. Mzee akisema "ilikuwa ya jeshi" na wewe hujaona dalili ya jeshi, iandike hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Tafuta namba mbili, ya fremu na ya injini

Kitambulisho cha pikipiki ni fremu. Injini hubadilishwa. Kwa hiyo namba unayoitaka kwanza ni ya fremu, ambayo kwenye kadi huitwa namba ya chasisi.

Tazama sehemu hizi kwa mpangilio: shingo ya usukani, mbele, kushoto na kulia, bomba la mbele linaloshuka, hasa pale linaposhika injini, chini ya kiti. Kwenye Vespa fungua kifuniko cha upande wa injini, utaikuta kwenye bodi. Namba ya injini huwa kwenye bapa dogo la krankesi (nyumba ya chini ya injini), mara nyingi chini tu ya silinda. Kwenye Vespa iko kwenye mkono wa injini, karibu na shokapu ya nyuma.

Kosa kubwa hapa ni kusoma namba isiyo yenyewe. Shika kanuni hii: namba zilizoinuka ni za kalibu, namba zilizozama ndizo zilizogongwa. Zilizoinuka zilitoka na kipuri kilipoyeyushwa, na ziko sawasawa kwenye maelfu ya injini. Zilizogongwa kwa nyundo, moja moja, ndizo za pikipiki yako. Namba za hataza (patenti), namba za kabureta na namba za magneto (kifaa cha kuzalisha cheche) usizitupe, ziandike pembeni. Lakini usije kuniambia hiyo ndiyo namba ya injini.

Hatua ya 4: Isome namba bila kuiumiza

Lowesha sehemu kwa tambara lenye mafuta ya taa, liache usiku kucha. Asubuhi piga mswaki taratibu. Rangi ikiwa nene, rudia. Siku tatu si nyingi kwa kitu kilichongoja miaka sitini. Brashi ya shaba itumie mwishoni, kwa mkono mwepesi, ukifuata mstari wa namba.

Pakibaki chuma kitupu, paka chaki yote, kisha futa juu kwa kidole. Chaki itabaki kwenye mashimo, namba itatokea nyeupe. Kama bado haisomeki, ngoja giza liingie. Zima taa, laza tochi kwa ubavu karibu igusane na chuma, na uizungushe polepole. Kivuli kitakuonyesha kilichofichwa na mwanga wa mchana. Nimesoma hivyo namba ambazo watu watatu walishasema hazipo.

Mwisho, bandika karatasi nyembamba juu ya namba na usugue penseli juu yake mpaka namba ijichore. Nakala hii ina thamani kuliko picha, maana inaonyesha ukubwa halisi wa herufi na nafasi kati yake. Fanya mbili.

Ukiandika kwenye daftari, usikisie. Herufi unayoitilia shaka iwekee nukta chini. 5 na S, 8 na B, 0 na O, 1 na I hupotosha kila mtu, mimi nikiwemo. Usiruke nyota, vistari wala nafasi, ziandike zote.

Ukiwa hapo hapo, chunguza kama namba imewahi kuguswa. Je, bapa liko chini kuliko chuma kinacholizunguka? Kuna mikwaruzo ya tupa? Tarakimu zimepanda na kushuka huku herufi zikiwa zimenyooka? Kwenye Triumph na BSA za kuanzia 1969, kiwanda kiligonga namba juu ya bapa lililojaa nembo ndogo ndogo za kiwanda; kwa BSA ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Nembo hizo zikikatika mahali, kuna mtu alipita na tupa.

Hatua ya 5: Ijue lugha ya kila kiwanda

Hakuna kanuni moja. Kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake, na kilibadilisha. Haya ndiyo utakayokutana nayo zaidi.

*BSA.* Zilitengenezwa Small Heath, Birmingham. Herufi za mwanzo hutaja modeli na mara nyingine kipindi. WM20, kwa mfano, ni M20 ya wakati wa vita, kuanzia 1940 hadi 1945, ya cc 500, valvu za pembeni, iliyotengenezwa kwa wingi sana kwa ajili ya jeshi la Uingereza. Jambo linalowatia watu hofu bure ni hili: kwenye BSA za zamani namba ya fremu na ya injini hazikuwa sawa hata siku zilipotoka kiwandani. Zikitofautiana usiseme umeuziwa mchanganyiko. Kinachotakiwa ni kwamba zote mbili ziwe za modeli moja na kipindi kimoja.

Bantam, pikipiki ndogo ya BSA, inastahili maneno yake yenyewe, maana ndiyo inayochanganywa zaidi. D1 ilitoka 1948, cc 125, injini ya mipigo miwili iliyonakiliwa kutoka DKW RT125 ya Ujerumani. Baadaye zikaja D3 ya cc 150, kisha D5 na D7 za cc 175. Herufi zake zilibadilika mara kwa mara, kwa hiyo mimi huamini kipimo. Ukifungua silinda, pima tundu: D1 ni milimita 52, D3 ni 57, D5 na D7 ni 61.5. Urefu wa kwenda wa pistoni ni 58 kwa zote. Kama silinda imechongwa na kuwekwa pistoni ya ovasaizi (kubwa kuliko ya mwanzo), utakuta imezidi nusu milimita au moja, lakini huwezi kupata 57 kwenye D1 kwa kuchonga. Tazama na nyuma: fremu za D1 za mwanzo hazina shokapu ya nyuma kabisa, na D7 ina mkono wa nyuma unaocheza wenye shokapu mbili.

*Triumph.* Hapa, kwa zile za kuanzia miaka ya 1950, namba ya injini na ya fremu zinapaswa kuwa sawa. Zikitofautiana, kimoja si cha kwake. Kabla ya 1950 mara nyingi utaona tarakimu za mwaka mwanzoni mwa namba ya injini. Herufi H ni ya injini ndogo za 350 na 500 zilizoanza 1957, zenye injini na gia kwenye nyumba moja. DU ilianza kwenye 650 za msimu (yaani mwaka wa modeli) wa 1963. Kiwanda cha Coventry kilipigwa mabomu Novemba 1940, uzalishaji ukahamia Meriden mwaka 1942, kwa hiyo kwa Triumph ya kabla ya hapo usitarajie madaftari mengi ya kiwanda.

Kuanzia 1969 Triumph na BSA zote mbili zilitumia herufi mbili mbele. Ya kwanza ni mwezi: A Januari, B Februari, C Machi, D Aprili, E Mei, G Juni, H Julai, J Agosti, K Septemba, N Oktoba, P Novemba, X Desemba. Ya pili ni msimu: C 1969, D 1970, E 1971, G 1972, H 1973, na kuendelea kwa mpangilio huo huo. Angalia mtego uliopo. Msimu ulianza Agosti ya mwaka unaotangulia. Kwa hiyo JD ni Agosti, msimu wa 1970, yaani pikipiki iliundwa Agosti 1969.

*AJS na Matchless.* Hizi ni rahisi, Mungu awarehemu waliopanga. Namba ya injini huanza na mwaka: 51/G80S ni Matchless ya cc 500 ya 1951.

*Royal Enfield.* Uliza kwanza kama ni ya Redditch, Uingereza, au ya Madras, India, ambako Bullet zilianza kuunganishwa 1955 na zikaendelea muda mrefu baada ya Redditch kufunga. Zinafanana kwa macho. Enfield ya India si kitu cha kudharau, ila usiiuze wala usiinunue kwa jina la Redditch.

*Vespa.* Msimbo wa mbele, yaani herufi na tarakimu za mwanzo, ndio kila kitu. Herufi ya mwisho ya msimbo huo ikiwa T ni bodi, ikiwa M ni injini. VBB1T ni Vespa 150 ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na injini yake inatakiwa isomeke VBB1M. Tarakimu zinazofuata hazifanani, na ndivyo inavyotakiwa.

*Honda na Yamaha.* Honda huandika modeli wazi mwanzoni mwa namba ya fremu, kama C50 au C70, na namba za injini na fremu hutofautiana. Yamaha nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zina namba sawa kwenye fremu na injini. Kwenye Honda CG125 kuwa macho na injini: ukikuta 156FMI hiyo ni injini ya Kichina iliyowekwa baadaye. Tarakimu 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa tundu kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, I ni cc 125. Injini nzuri ya kazi, lakini si ya Honda.

Na jambo la jumla: namba yenye herufi na tarakimu 17 ni mtindo ulioenea kuanzia miaka ya 1980. Mtu akikuletea "Triumph ya 1965" yenye namba 17 kwenye shingo, funga mazungumzo.

Hatua ya 6: Uliza vipuri umri wao

Namba ikishakupa mwaka, vipuri vikuthibitishie. Vifaa vya umeme vya Lucas, kama dinamo, magneto na swichi, mara nyingi vimegongwa mwezi na mwaka: 5 53 ni Mei 1953. Kipuri kinapaswa kuwa kimeitangulia pikipiki kidogo tu, miezi michache. Dinamo ya 1958 kwenye pikipiki ya 1951 ina maana ilibadilishwa, basi. Kabureta za Amal nazo husema: Monobloc ilikuja na pikipiki za msimu wa 1955, Concentric mwaka 1967.

Rangi nayo ni ushahidi. Chagua sehemu iliyofichika, chini ya tangi au nyuma ya kibano cha taa, na ulainishe tabaka moja baada ya jingine kwa tambara lenye mafuta. Bantam D1 za mwanzo zilitoka na kijani hafifu, kama ukungu wa asubuhi Lushoto. Ukikikuta chini ya nyeusi na nyekundu, umekaribia. Kwenye M20 tafuta ubavuni mwa tangi namba ndefu iliyoanza na C, iliyopakwa kwa brashi: hiyo ni namba ya jeshi. Tafuta pia alama ya mshale mpana iliyogongwa kwenye vipuri, ambayo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Siku utakapoiona utamkumbuka yule mzee aliyesema ilikuwa ya jeshi.

Hatua ya 7: Linganisha karatasi na chuma

Chukua kadi, risiti, bima, barua, chochote. Karatasi iliyoandikwa Tanganyika kwa jina la nchi ni ya kabla ya Muungano wa 26 Aprili 1964.

Mwaka ulio kwenye kadi mara nyingi ni wa kusajiliwa hapa, si wa kuundwa. Pikipiki ilikaa melini, ikakaa kwa wakala, ndipo ikasajiliwa. Na kama ilitumika kwanza jeshini au nchi jirani, tofauti inaweza kuwa miaka mingi.

Kama unataka kununua, hatua hii ifanye kabla ya kutoa hata shilingi. Nenda TRA na namba ya usajili uhakikishe jina la mmiliki na namba ya chasisi. Nenda polisi uhakikishe haitafutwi. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, ukitaja namba zote mbili kama zilivyo kwenye chuma. Kama ni mali ya urithi, msimamizi wa mirathi ndiye wa kusaini, si mtoto aliyekuonyesha pikipiki. Nimeona ndugu wakigombana miaka kwa Vespa moja.

Kwa mwenye moyo wa kuchimba zaidi, Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zinatunza mafaili ya utawala wa Kijerumani na wa Kiingereza. Usiende na swali la "pikipiki". Nenda na jina la shamba, wilaya na miaka, uliyoyapata kwa wazee.

Hatua ya 8: Waandikie wenye madaftari ya viwanda

Viwanda vingi vimekufa lakini madaftari yao ya kutolea mali yapo. Uingereza kuna Vintage Motor Cycle Club, chama cha wapenda pikipiki kuukuu kilichoanzishwa 1946, chenye maktaba yake. Kinatunza madaftari ya chapa nyingi za Kiingereza, zikiwemo BSA na Triumph, na kwa malipo hutoa cheti cha tarehe. Kwa BMW, kampuni yenyewe ina hifadhi yake Munich.

Barua iwe fupi. Weka namba mbili kama zilivyogongwa, picha za namba, nakala za penseli, picha ya pikipiki kushoto na kulia, na sentensi mbili za historia. Usitaje mwaka unaoudhani wewe. Waache wao wautaje, ndipo utajua kama mmekubaliana.

Jibu likija mara nyingi lina mambo mawili ya kufurahisha: siku pikipiki ilipotoka kiwandani, na wakala au mji iliopelekwa.

Hatua ya 9: Kusanya faili

Bahasha moja ngumu, ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya unyevu. Nakala za penseli, picha, maneno ya mzee yenye tarehe, nakala ya kadi, majibu ya barua. Kila kitu kiwe na nakala kwa ndugu mwingine.

Ukikwama

*Namba haionekani kabisa.* Rudia tochi usiku, na utafute upande wa pili wa shingo. Kama ni kutu, kuna matumaini. Kama ni tupa au grenda, usinunue. Kama ni ya familia yako, anza na polisi na TRA, ueleze. Usikubali kamwe fundi akwambie "lete nikugongee." Kugonga namba bila kibali ni jinai, na hata kama usingekamatwa, umeua ushahidi wa pikipiki ile milele.

*Kadi na fremu zinapishana kwa herufi moja.* Mara nyingi ni kosa la karani: S imeandikwa 5. Peleka nakala ya penseli wakati wa kuomba marekebisho.

*Namba ya kadi haifanani na fremu hata kidogo.* Ilinganishe na ya injini. Makarani wa zamani waliandika ya injini mahali pa chasisi mara kwa mara. Kama hailingani na yoyote, kadi hiyo ni ya pikipiki nyingine.

*Kadi imepotea.* Ripoti polisi upate hati ya kupotelewa, kisha hati ya kiapo kwa wakili, ndipo uende TRA. Picha ya zamani yenye namba ya usajili ichukue.

*Fremu ya chapa moja, injini ya nyingine.* Iite kwa jina la fremu. Usiitupe ile injini, andika ilivyo. Miaka ile vipuri vilikuwa adimu na fundi aliyeifunga aliifanya iendelee kutembea, hiyo nayo ni sehemu ya historia yake.

*Daftari linasema ilipelekwa nchi nyingine.* Usikate tamaa wala usidhani wamekosea. Horohoro, mpakani na Kenya, si mbali, na watu wa Tanga wamefanya kazi Mombasa na Nairobi tangu zamani. Kuna jibu moja lililorudi likitaja Mombasa, na kijana mwenye pikipiki akataka kuandika tena kulalamika. Nikamwambia arudi kwanza kwa bibi yake. Bibi akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe. Basi hiyo ni ile miaka miwili aliyokuwa reli Mombasa, tukadhani katupotea. Alirudi nayo usiku, tukasikia mlio kabla ya kumuona."